Pichi la Kwanza Baada ya Moshi

Sogeeni karibu. Mwenye karanga atafune polepole, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi yangu ya leo hailipwi kwa makofi. Inalipwa kwa jibu, na tangu nianze kuisimulia sijawahi kulipwa nikaridhika.

Ng'ambo huko Marekani, enzi ambazo matajiri walipanda magari ya farasi na treni bado ilikuwa kitu cha kukimbiliwa na watoto, palikuwa na bonde liitwalo Tansy. Humo waliishi watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza aliitwa Harlan Stiddum, mkulima wa mapichi aliyefiwa na mkewe. Kipawa chake kilikuwa ukaidi. Mnacheka? Ukaidi nao ni kipawa, ila wenye nao hawasifiwi mpaka wakishazikwa. Siku moja nyumbu wake aligoma katikati ya njia. Harlan hakumpiga wala hakumbembeleza. Aliketi chini, akasubiri kutwa nzima, hadi nyumbu mwenyewe akaona haya akaanza kutembea.

Wa pili aliitwa Ondrej Kovalik. Alikuwa ametoka Slovakia, nchi ya mbali upande wa pili wa bahari, na alifanya kazi kwenye matanuru ya kuyeyushia shaba. Kipawa chake kilikuwa moto. Ondrej aliusikiliza moto kwa sikio, akajua kama una njaa au umeshiba, na moto ulimtii kuliko ulivyowatii mabwana wa Kampuni yenye matanuru hayo.

Wa tatu ni Odessa Pettway, dobi, mwanamke mweusi ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani kusini ya nchi ile. Kipawa chake kilikuwa mkono usiotetereka. Angevuka mto kwa kukanyaga mawe yenye utelezi, beseni la maji kichwani, na tone lisimwagike. Ndiyo maana nyumba ya wageni ya mjini, ilipopata wageni wa heshima, ilimwita Odessa aache kufua, aje kubeba supu.

Mimi nitamfuata Odessa tangu mwanzo hadi mwisho. Msije mkadhani kumfuata mtu ni kumpendelea. Hata polisi humfuata mtu.

Basi, bonde la Tansy zamani lilikuwa bustani ya mapichi matupu, na lilikuwa na desturi yake. Kila kiangazi, pichi la kwanza kuiva lilichumwa likapelekwa kwenye mkutano wa mji, likapewa mtu mmoja tu: yule aliyelifaa bonde kuliko wote mwaka huo. Alilila mbele ya watu, juisi ikimtiririka kidevuni. Kokwa alilipanda pembeni ya ukumbi wa mkutano, na mti uliomea uliitwa kwa jina lake milele. Tena, na hapa ndipo penye uzito, mpaka pichi la mwaka uliofuata liive, hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo mkutanoni kabla yake. Tajiri alimsubiri. Mchungaji alimsubiri. Kwenye mkutano ule wanawake walikaa nyuma, watu weusi nyuma zaidi, na wageni wasiojua Kiingereza walisimama mlangoni mwa ukumbi. Lakini pichi halikuuliza mtu amekaa wapi. Liliwahi kumwinua Bibi Tabitha Crouse, mkunga asiye na mali wala ukoo, mwaka alioopoa watoto kwenye mafuriko, likampeleka mbele kabisa.

Na Bibi Tabitha alikuwa wa mwisho kulila. Baada yake Kampuni ilijenga matanuru, moshi ukaja, miti ikafa, pasipatikane pichi tena. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumrithi, mwaka baada ya mwaka akaendelea yeye kufungua mkutano, na mdomo wake haukuwa mfupi.

Moshi ule ulikuwa wa manjano, wenye ukali wa kiberiti. Ulikuwa na tabia zake, na hakuna aliyezijua kama madobi. Asubuhi ulipanda wima, ukavuka kilele cha mlima, ukaenda kuwasumbua watu wengine. Alasiri ikielekea jioni, upepo uligeuka, na moshi ukarudi bondeni kama mbuzi wanaorudi zizini. Basi Jumatatu, ambayo ndiyo siku ya kufua katika nchi ile yote, wanawake walianika mapema wakaanua kabla ya upepo kugeuka. Shuka iliyosahauliwa kambani ikiwa mbichi ilikunywa moshi. Ukiivuta, inakuachia matundu.

Lakini shuka inaanuliwa. Kifua cha mtoto hakianuliwi. Odessa alikuwa na binti mmoja, Zelma, wa miaka minane, aliyekuwa akipumua kwa mluzi kama birika linalokaribia kuchemka. Daktari alisema waziwazi, "Huyu hatamaliza msimu mwingine wa baridi katika bonde hili. Mpeleke mbali." Odessa alikuwa na dada kwenye mji wa maziwa makubwa, mwendo wa siku nzima kwa treni. Dada akakubali kumchukua Zelma. Odessa mwenyewe asingeweza kwenda. Kazi yake, nyumba yake na kaburi la mumewe vyote vilikuwa Tansy, na kwa dada palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu.

"Nitarudi lini?" Zelma aliuliza.

"Moshi ukiisha."

"Moshi unaisha lini?"

Odessa aliinama akaanza kusuka nywele za mtoto ambazo zilikuwa zimeshasukwa.

Sasa tumtazame Harlan. Kampuni ilikuwa ikisema kwamba moshi hauui miti, kwamba mapichi yamekufa kwa wadudu, na wanaolalamika ni wavivu. Watu wa bonde walituma wajumbe makao makuu ya jimbo. Wajumbe wakapewa chai wakarudishwa. Harlan hakutaka chai. Alichukua sepetu, akauchimba mti wake wa mwisho, mkavu, mti ambao mkewe Luella aliupanda kwa kokwa mwaka waliooana. Akaupakia kwenye mkokoteni, nyumbu akavuta, wakaenda hadi makao makuu. Alipofika akachimba shimo kwenye majani mazuri mbele ya jumba la kutunga sheria, akaupanda ule mti mfu hapohapo.

Askari wakaung'oa wakautupa nje ya uzio. Kesho yake Harlan akaupanda tena. Wakaung'oa. Akaupanda. Kila mheshimiwa aliyepita aliambiwa maneno yaleyale, si pungufu wala zaidi: "Mti huu umeuawa na moshi. Njooni mwone." Magazeti yakamcheka. Kicheko kikaleta watazamaji, watazamaji wakaleta majirani. Mara mama mmoja wa bonde jingine akaja na tawi lake kavu akalichomeka kando ya mti wa Harlan. Akaja mwingine. Kufikia majira ya kuchipua, waheshimiwa walikuwa wakiingia kazini kwa kupita katikati ya msitu wa miti iliyokufa. Na uchaguzi, ndugu zangu, ulikuwa umekaribia. Kwa mara ya kwanza serikali ikatangaza kwamba wakaguzi watatu watakwenda Tansy, wauone moshi kwa macho yao, na neno lao litakuwa sheria.

Harlan alirudi kwa miguu. Nyumbu alikuwa amefia njiani kwa uzee, na shambani mahindi yake yalikuwa yamemezwa na magugu. Alipoulizwa amerudi na nini alijibu, "Nimeleta macho." Akaenda kulala.

Meneja wa Kampuni aliitwa Bwana Pruitt. Hakuwa mjinga. Aliandika kwa wakaguzi kuwaomba waje Jumatatu, akijua kwamba matanuru yakizimwa Jumamosi yatakuwa yamepoa kabisa kufikia siku hiyo. Mbingu zitakuwa safi, wakaguzi watakula chakula cha mchana, watapanda treni ya alasiri, na habari itaishia hapo. Jambo moja tu hakulifikiria. Bwana Pruitt hakuwahi kufua hata kitambaa cha mkononi tangu azaliwe, na Jumatatu kwake ilikuwa siku kama siku nyingine.

Jumamosi aliwakusanya wafanyakazi wa matanuru. "Zimeni moto," akasema akitabasamu. "Jumatatu pumzikeni, mtalipwa kama kawaida. Mapipa ya bia yako kando ya mto, ni zawadi ya Kampuni."

Wanaume wakashangilia, kofia zikaruka juu. Hawakuwahi kulipwa kwa kupumzika. Ondrej peke yake hakurusha kofia. Kesho yake baada ya kanisa aliwakuta wameshayazunguka mapipa.

"Wenzangu," akasema, kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, "mtu akikupa mapumziko ambayo hukumwomba, muulize anaficha nini."

"Anaficha moshi, nani asiyejua?" mmoja akamjibu. "Na moshi ndio mkate wetu. Ukiisha, tutakula nini? Mapichi ya Harlan?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na Ondrej hakulidharau. Alikaa juu ya pipa, akakohoa kikohozi kile cha watu wa matanuru kinachoanzia tumboni. Mmoja akakohoa naye, kisha wa tatu, mpaka wote wakawa wanakohoa, wakatazamana wakacheka kwa uchungu.

"Moshi unatuanza sisi kabla ya kufika kwa mtoto wa mtu yeyote," Ondrej akasema. "Simwambii mtu azime moto. Moto ni kazi yangu, naupenda. Nasema moshi unaweza kukamatwa ndani ya vyumba vya matofali kabla haujatoka. Nchi nyingine wanafanya. Kampuni inajua, haitaki gharama. Kesho wakaguzi wakiona mbingu safi, tutaendelea kukohoa mpaka kaburini. Tufanye kazi kesho. Kazi tu, jamani. Nani atatufunga kwa kufanya kazi?"

Na ndivyo ulivyozaliwa mgomo ambao mfano wake sijausikia kwingine. Watu wote hugoma kwa kuacha kazi. Wale waligoma kwa kukataa kuiacha. Ondrej alikuwa hajauzima moto. Alikuwa ameufunika majivu ukasinzia. Jumatatu alfajiri waliingia, wakafunga milango kwa ndani, Ondrej akaufunua, akaulisha, ukaunguruma.

Bwana Pruitt alifika mbio, tai ikiwa begani. "Tokeni! Acheni kazi mara moja!"

"Hatuwezi, bwana," Ondrej akajibu kupitia tundu la mlango. "Umetufundisha mwenyewe kwamba uvivu ni dhambi."

"Nitakulipa mara mbili upumzike!"

"Bwana, unatupotosha."

Ndani wanaume walicheka hadi wakashikilia mbavu, huku makoleo yakienda.

Lakini msishangilie bado, maana asubuhi ilikuwa asubuhi. Wakaguzi walishuka kwenye treni, mkubwa wao akiwa Bwana Lathrop, mzee mwenye suti ya sufu ya kijivu na saa ya mnyororo. Bwana Pruitt alikuwa amejifuta jasho. Akawapandisha gari la farasi akawaonyesha mabomba ya kutolea moshi. Moshi ulipanda wima, ukavuka kilele, ukapotea. Chini bondeni hewa ilikuwa tamu, na shuka nyeupe zilipepea kwenye kila kamba.

"Mnaona, waheshimiwa? Unakwenda zake mbinguni."

"Naona," Bwana Lathrop akasema. "Sioni sababu ya kukaa. Tule, tuwahi treni."

Odessa aliyasikia maneno hayo kwenye veranda ya nyumba ya wageni, aproni nyeupe kiunoni, maana walikuwa wamemwita kuhudumia. Siku hiyo ndiyo Zelma alikuwa apelekwe kwa dada. Treni ileile ya alasiri ndiyo ya Zelma. Mtoto alikuwa ameshakaa stesheni na furushi lake, pamoja na Verlene, jirani yao. Upepo ulikuwa bado haujageuka, na haungegeuka kabla ya treni kuondoka. Harlan alileta macho, Ondrej akaleta moshi, na sasa macho yangeondoka kabla moshi haujashuka. Kilichokosekana kilikuwa muda.

Alitoka mlango wa nyuma akamkimbilia Verlene kule stesheni. "Ukiwaona wale wazee watatu wamepanda treni, mpandishe mtoto. Usipowaona, mrudishe nyumbani."

"Na wewe hubaki kumuaga?"

"Ninakwenda kubeba kitindamlo," Odessa akasema. Akambusu Zelma kwenye paji la uso, kwa haraka, kwa sababu angechelewa kidogo tu asingeweza kumwachia. Njiani alipita kwenye kamba za madobi wenzake. Kila aliyemkuta alimwambia neno moja: "Leo msianue."

"Shuka za watu, Odessa!"

"Msianue."

Kitindamlo siku hiyo kilikuwa keki yenye rojo la matunda ya forosadi, jeusi, zito, linalotia doa hata kwenye dhamiri. Odessa alilibeba kwenye bakuli kubwa la kauri. Alizunguka meza. Mkono ule ambao haujawahi kumwaga tone ukapanda juu ya kichwa cha Bwana Lathrop. Kwa muda Odessa aliufikiria kama mkono wa mtu mwingine. Alijua anachokiacha. Nyumba ya wageni ilimpa nusu ya kazi yake. Na mwanamke mweusi aliyewachafua watu wa serikali angeweza kulala jela, na asipate wa kumtetea.

Akalimwaga.

Haukuwa mmwagiko wa aibu, wa matone mawili matatu. Rojo lilianzia kwenye kola ya Bwana Lathrop likashuka hadi viatuni. Katika kujifanya anaokoa bakuli, Odessa akageuka akamgawia wa kulia, akajikwaa akamkamilishia wa kushoto. Mwenye nyumba akapiga ukelele, "Odessa! Toka! Usinikanyagie hapa tena!"

"Naondoka, bwana," Odessa akasema, akiwa ameinamisha macho kwa unyenyekevu ambao mimi, kama ningekuwepo, nisingeuamini hata kidogo. "Lakini waheshimiwa hawawezi kupanda treni hivi. Nipeni hizo nguo. Forosadi isipofuliwa papo hapo haitoki tena."

Kila mmoja alikuja na suti moja, ile aliyoivaa, maana safari ilikuwa ya siku moja. Wangefanyaje? Wakakabidhi nguo, wakaketi kwenye kibaraza wakiwa wamevaa kanzu za kulalia za mwenye nyumba, miguu myembamba nje, wakinywa kahawa kwa hasira. Odessa akafua. Alifua vizuri, nisimsingizie. Doa lilitoka lote. Akaanika suti tatu kwenye kamba yake, zikiwa mbichi, katikati ya shuka za bonde zima.

Honi ya treni ikalia. Odessa alisimama kambani, pini za nguo mdomoni, akasikiliza magurudumu yakianza, yakishika kasi, yakiishia kwenye kona ya mlima. Alipogeuka alimwona Zelma anakuja njiani polepole na furushi lake, Verlene nyuma yake.

"Hawakupanda, mama," Zelma akasema.

Na upepo ukageuka.

Moshi ulishuka mzima, wa manjano, Ondrej akiulisha huko juu kwa mapenzi yake yote. Ukaingia kwenye kibaraza ukawakuta waheshimiwa bila hata shati la maana. Wakakohoa mpaka kahawa ikamwagika. Kupitia moshi Bwana Lathrop alisikia kikohozi kingine, kidogo, chenye mluzi, kikitoka nyumba ya jirani. Akauliza ni mnyama gani. Mtumishi akamwambia si mnyama, ni binti wa dobi.

Odessa alileta suti zimepigwa pasi, zimekunjwa. Bwana Lathrop alivaa suruali, akafunga vifungo vya koti, akakaa kitini ili atoe neno lake. Suruali ikasema *chraaa*, kutoka kiunoni hadi gotini. Mwenzake akanyoosha mkono kumsaidia. Mkono wa koti lake ukakatika, ukabaki unaning'inia hewani, bega likiwa wazi. Nje wanawake walikuwa wameshika shuka zao wamezinyoosha juu, mstari baada ya mstari, na jua la jioni lilipita kwenye matundu yake yote.

Watoto walicheka. Bwana Lathrop hakucheka, wala hakukasirika. Alitia kidole kwenye tundu la suruali yake, akamgeukia Bwana Pruitt.

"Kama moshi huu unakula sufu kati ya chakula cha mchana na chai," akasema, "unakula nini ndani ya mtoto tangu azaliwe?"

Bwana Pruitt alifungua mdomo, moshi ukaingia, akakohoa. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

Neno la wakaguzi likawa sheria: hakuna tanuru kuwaka mpaka moshi ukamatwe. Kampuni ikalia, ikatishia kuhama, mwisho ikajenga vyumba vya matofali. Ikagundua kwamba ule uchafu ulionaswa humo ni tindikali inayonunuliwa na viwanda, ikatajirika kuliko mwanzo, ikajisifu kwamba wazo lilikuwa lake. Wanaume wakarudi kazini bila kikohozi. Wote isipokuwa Ondrej. Yeye alifukuzwa, akatolewa kwenye nyumba ya Kampuni, na jina lake likakatazwa kwenye kila tanuru la milima ile. Mtu aliyezaliwa na moto mkononi akawa anapasua kuni za watu. Naye Odessa hakurudi tena nyumba ya wageni. Wateja wake wa heshima walimkwepa, wakisema mkono wake umeingiwa na pepo.

Lakini bonde! Mngeliona bonde. Majani yakarudi kwenye miamba iliyokuwa na upara. Shuka zikaachwa kambani hadi magharibi, kwa maringo tu. Na kwenye shimo ambamo Harlan aling'oa mti wa Luella, mzizi mmoja alioukata kwa sepetu na kuusahau ukatoa chipukizi. Kiangazi cha tatu chipukizi hilo likazaa. Maua yalikuwa mengi, lakini tunda lilishika moja.

Mkutano wa mji uliitishwa ukumbini, juu kilimani. Harlan alilichuma pichi, akataka mtu wa kulipeleka. Zelma akasema, "Mimi." Akalichukua kwenye sahani, akapanda nalo kilima kizima akikimbia, kutoka bustanini hadi ukumbini, bila kusimama hata mara moja kutafuta pumzi. Watu walisimama wote. Odessa alijifunika uso kwa aproni akalia kwa sauti, na hakujali nani anamwona.

Bibi Tabitha akaufungua mkutano, ndipo ikaja kazi ya kuligawa, na hapo furaha ikaingia mchanga.

"Ni langu," akasema Harlan, kofia mkononi. "Sijawahi kuomba kitu. Bila mimi nani angekuja? Na ni mti wa Luella. Nataka kokwa lake lipandwe hapa, nife nikijua lilirudi."

"Ni langu, mzee Harlan, unisamehe," akasema Ondrej kutoka mlangoni. "Wangekuja wakaona mbingu safi. Ninyi nyote mlikuwa mnapigania vifua vyenu. Mimi nilipigania hewa yenu kwa mkate wangu. Sina nyumba, sina moto. Mti wenye jina langu ungekuwa kitu changu cha kwanza katika nchi hii."

Odessa alikuwa amekaa nyuma zaidi ya nyuma. Nawaambia wazi, alilitaka. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu kwa ajili yake mwenyewe.

"Macho yalikuja, moshi ukawaka," akasema akisimama, "na bado wangeondoka. Wengine mlitoa mlichokuwa nacho. Mimi niliuharibu mkono wangu kwa makusudi, na mtoto wangu alikuwa stesheni. Mnasema asante Odessa, halafu mkutano unaanza na sisi wa huku nyuma tunasikiliza visogo vyenu. Nataka mwaka mmoja, mmoja tu, mnisubiri mimi niseme kwanza."

Hakuna aliyemzomea yeyote. Hilo ndilo lililokuwa gumu: kila mmoja alipomaliza, watu waliitikia kwa kichwa wakasema, "Kweli."

Nawaona wajanja mnaanza kunong'ona. Likatwe vipande vitatu? Nyama itakatika, lakini kokwa ni moja, jina ni moja, na mdomo wa kwanza ni mmoja. Apewe Zelma? Huo ni ujanja wa wakubwa wanaoogopa kuamua, kumtupia mtoto mzigo wao. Tena Zelma mwenyewe alilikataa, akasema yeye alikimbia tu. Lisubiri mwakani? Pichi lililoiva halimsubiri mtu.

Desturi ilisema aliyekula la mwisho ndiye amkabidhi anayefuata. Basi wote wakamgeukia Bibi Tabitha. Ajuza alilishika pichi, akalinusa kwa muda mrefu, machozi yakimtoka.

"Nimefungua mkutano huu miaka mingi kuliko meno niliyobakiwa nayo," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza sina la kusema. Hawa watatu wameniokoa mimi, na wameokoa kila mtu aliye hapa. Mdaiwa hawezi kuwa hakimu. Waulizwe watu ambao hawajawahi kuvuta moshi wetu."

Kwa hiyo nimekuja kwenu, maana ninyi hamkuuvuta.

Pichi liko mkononi mwa Bibi Tabitha. Upande mmoja limeanza kulainika, na nyuki ameshaliona. Harlan ameshika kofia kifuani. Ondrej amevuka kizingiti cha mlango, kwa mara ya kwanza. Odessa ameunyoosha mkono wake, ule usiotetereka, na leo unatetemeka.

Haya, msitazamane. Wewe uliyekuwa unatafuna karanga, anza wewe: ungelitia mkononi mwa nani?